Likasu ya Papa Sentinelle

Bon, kama munataka nibaeleze ile pori ya mujini kwetu, sitaanza na miti. Miti iko pale, haikimbii, mutaenda mutaiona. Nitaanza na mutu mwenye alikuwa anakaa mbele yake, kwa mulango, na kofia yake na buti zake za mipira zenye zilikuwa zinang'aa kama sahani ya arusi. Siye bote tulimuita Papa Sentinelle, juu alikuwa mulinzi wa pori. Jina ya kweli alikuwa nayo, ndiyo, kila mutu iko na jina, lakini hakuna mutu alimuita nayo, hata bibi yake. Na ile habari ya bibi yake, ngojeni kidogo. Ile ndiyo nyama. Hii ya kwanza iko muchuzi.

Kisangani iko kubwa, baiskeli za toleka na pikipiki zinapishana mupaka unasahau kama iko pori karibu. Lakini ukienda mwisho ya barabara, ukapita nyumba za mwisho, ukapita kanisa ya mabati, utakuta muti mulefu umelazwa kukata njia. Nyuma yake pori inaanza. Pori ya kweli, si bustani. Limbali, lifaki, miti yenye babu ya babu yangu alizikuta zimekwisha kuzeeka. Serikali ilikataza kukata. Kutembea, ndiyo. Kuokota chenye kimeanguka, ndiyo. Panga, hapana.

Miye nilikuwa ninauza mikate yangu palepale kwa mulango, miaka na miaka. Sufuria yangu ya mafuta hapa, kiti yake pale. Mangaribi tunarudia bote Kabondo, juu nyumba yangu na nyumba yake zinagawana ukuta moja. Donc ule mutu nilimujua mbele na nyuma. Yeye aliniita Mama Mikate. Asubuhi anauliza, "Mama Mikate, leo zimeiva ama zimekasirika?" Nikimupa ya kwanza anaipuliza, anaitazama juu na chini kama anakagua passeport, kisha anasema, "Pita."

Nianze na buti. Kila asubuhi alizipangusa na maganda ya ndizi, ndani ya ganda, pale pa mafuta-mafuta. Anapangusa, anapangusa, anageuza muguu anajitazama. Siku moja mugeni moja, papa wa bureau, akamuuliza:

"Papa, na hizi buti unaingia ndani ya matope?"

"Ah non, chef. Hizi ni za mulango. Za pori ziko nyumbani."

Nyumbani! Miye mwenye ukuta wangu iko ukuta wake! Buti zingine sijaziona hata siku moja. Ukweli ni hii, na nitaisema na upendo: Papa Sentinelle alikuwa anaogopa pori. Alifika mupaka kwa lifaki kubwa, ile yenye mizizi yake imesimama kama kuta za nyumba, karibu ya kijito. Pale anasimama, anagusa muti, anarudia. Batu bakimuambia, "Twende mbele, Papa," anashika goti. Goti ilianza kuuma palepale kwa lifaki, na ikapona palepale kwa mulango. Goti ya ajabu.

"Weye unalinda kitu chenye unaogopa?" nilimuuliza.

Akaniambia, "Mama Mikate, na weye unachunga moto. Unaweza kuingia ndani ya moto?"

Nikageuza mikate yangu. Alikuwa na mudomo, ule mutu.

Bongo nayo alikuwa nazo. Wageni balikuwa banapenda kuuliza, ile lifaki iko na miaka ngapi? Basi yeye anabaangalia kwanza. Akiona bale bandugu ba Maniema benye banatoka kusali Ijumaa, anasema, "Huyu aliona Waarabu bakifika na mitumbwi. Alikuwa tayari na kivuli." Akiona bamama ba kanisa na vitenge vya sikukuu, anasema, "Huyu alikuwa muzee siku padiri wa kwanza alikuja kupumuzika hapa chini." Akiona bavuvi ba kule maporomoko, anasema muti uliota siku samaki wa kwanza alirukia ndani ya kikapo. Kila mutu anaenda na furaha, na muti wake mwenyewe ndani ya kichwa. Miye nilimuuliza, "Sasa ukweli ni gani?" Akacheka. "Ukweli ni kama iko muzee kunipita, na haijanisalimia hata siku moja kwanza."

Banafunzi ba université nabo balikuja na miwani mirefu ya kuangalia ndege. Yeye anabaonyesha na kidole, "Ile ni kanga ya maji." Banafunzi banacheka, "Papa, kanga ya maji haiko hivi, ile ni hondohondo!" Na yeye anacheka zaidi yabo. Kesho yake bengine bakija, "Ile ni kanga ya maji." Hakujifunza hata moja. Majina ya ndege ilimuingia hapa, ikatokea kule. Chenye alijua ni batu. Mutu akitokea pale kwa kanisa ya mabati, bado iko mbali, Papa Sentinelle anakuambia, "Huyu ameachwa." Ama, "Huyu anakuja kulia." Na kweli, balikuwa banakuja kulia. Sijui kwenu, lakini kwetu nyumba iko imejaa, batoto, bakwe, bajirani. Mutu akitaka kulia anatafuta muti kubwa. Akitoka na macho nyekundu, Papa Sentinelle haulizi. Anasema tu, "Mama Mikate, mupe mukate ya moto."

Sasa tufike kwa sheria.

Mulango ile ilikuwa na sheria ya serikali, imeandikwa kwa kibao. Lakini yeye alikuwa na yake ya juu, na kwa ile yake hakukuwa kucheza: batu babili benye habasemezani habaingii pamoja. Hapana. Hata ukiwa nani. Alikuwa anabeba likasu ndani ya mufuko ya shati, imefungwa na jani mbichi. Munajua likasu, ile mbegu ya buchungu bazee banatafuna. Akiona mumekuja na midomo imefungwa, anaipasua na kisu, nusu kwa huyu, nusu kwa huyu. Mutafune mupaka mwisho. Kutema, hapana. Kisha munakunywa maji kikombe moja. Na benye banajua banajua: kisha likasu, maji ya kawaida inakuwa tamu kama imetiwa sukari. Hapo anainua muti ya njia. "Pita."

Batu balikasirika, oh! Papa moja alikuja na bibi yake, banavaa muzuri, banataka kupiga picha kule ndani. Habasemezani tangu asubuhi, sijui ni juu ya chumvi ama ni juu ya mutoto. Papa akapiga kelele: "Weye ni sentinelle ama weye ni pasta?"

"Miye ni sentinelle, chef. Pasta yeye atakuachilia uingie."

Balitafuna. Bibi alikuwa anakunja uso kama mutoto anakunywa dawa, bwana akamuangalia, kicheko ikamushika, likasu ikamutoka kwa pua. Bakaingia bakishikana.

Mutaniuliza, ile sheria ni ya nini? Mutu akikasirika si aingie tu, pori itamupoza? Ngojeni niwape yangu miye.

Ilikuwa wakati ya mbinzo, bale viwavi ba kula. Mbinzo zinakula majani ya lifaki kule juu, kisha saa yao ikifika zinashuka zenyewe, na siye bamama tunaokota chini. Kwetu mbinzo si chakula tu, ni heshima; mugeni mukubwa hapati samaki, anapata mbinzo. Basi tukaenda, miye na semeki yangu, dada ya bwana yangu. Ile wiki tulikuwa tumegombana na yeye vibaya, aliniambia kama ninapika lituma, ile ndizi ya kutwanga, yenye inaweza kujengea nyumba. Lakini kwa mulango tukajidai.

"Bonjour, semeki."

"Bonjour, semeki muzuri."

Papa Sentinelle akatuangalia. "Ile salamu iko na mifupa," alisema. Lakini batu balikuwa mingi nyuma yetu, akatuachilia.

Ndani, munajua macho iko chini siku yote. Unaokota hapa, unaona zingine pale, unafuata. Ukiinua kichwa, miti yote iko na sura moja. Bamama banafanya hivi: moja anaita, "Oooh-ee!" na mwingine anaitika, "Eee!" Hivyo munajua njia. Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikaanza kukimbia, nikaanguka, nikapoteza kitenge, nikalia, nikaita mupaka koo ikakauka. Na semeki yangu alikuwa wapi? Nyuma ya muzizi! Karibu! Anakula matunda yake ya safu, ananisikia muzuri sana, na hataki kuitika juu mudomo wake uliapa hautanisemesha mupaka Noeli!

Bamama bengine ndiyo baliniokota, nikatoka mangaribi na kitenge ya mutu mwingine. Papa Sentinelle alikuwa amesimama kwa mulango, jasho imemushuka, buti zake zimejaa matope mupaka magoti. Mutu wa goti! Alikuwa ameingia kunitafuta, kupita lifaki, na woga wake yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Munaona? Pori haiui mutu. Ni kukosa mwenye kumuitika."

Tangu ile siku kila mama wa mbinzo alitafuna. Na semeki yangu alitafuna ya kwake na ya kesho yake.

Alikuwa na maneno, ule muzee. "Muti ikianguka inaangusha na yenye haikuwa na neno nayo." "Ukitaka kujua njia, usiulize mwenye anajua. Uliza mwenye alipotea." Na hii, yenye alikuwa anasema kila siku kwa banaume: "Likasu hailingane na pombe ya bière. Bière butamu inakuja mbele."

Bon. Sasa nyama.

Ule mutu mwenye alipatanisha nusu ya Kabondo, nyumbani kwake bibi yake alikuwa hamusemeshi. Hata neno moja. Si wiki, si mwezi. Mutoto wao wa mwisho aliota meno, akasoma, akaoa, akahamia Lubunga ngambo, na ile kimya iko palepale, imekaa kati yao kama mugeni mwenye hataki kuenda.

Si kama balikuwa banapigana, hapana. Bibi alimupikia. Alimufulia. Yeye alileta kuni, alileta maji. Lakini maneno yote ilipitia kwa batoto. "Ambia baba yako, chakula tayari." "Ambia mama yako, nimeshiba." Batoto bakakuwa bakubwa, bakaenda moja moja, nikajiuliza, sasa itakuwa namna gani? Asubuhi moja niko ninachambua sombe yangu, majani ya muhogo, ninasikia nyuma ya ukuta:

"Weye kuku! Ambia ule mutu, maji ya kuoga imekuwa moto."

Nikaacha sombe. Kisha sauti ya Papa Sentinelle, ya upole:

"Kuku, muambie merci."

Nilicheka mupaka nikakaa chini. Kuku! Kuku mwenyewe anapitapita, ko-ko-ko, anakula zake, hajui kama iko postier wa kubeba barua. Balikula ile kuku siku ya Pasaka, bakatafuta ingine, kazi ikaendelea. "Kuku, shati ya ule mutu imepasuka kwa bega." "Kuku, uliza mama wa nyumba kama chumvi imekwisha." Mwanzo nilicheka. Kisha, siku zikienda, sikucheka tena. Munajua, ukuta ikiwa moja, unasikia hata chenye hakisemwi.

Sababu? Ilikuwa mbinzo tena.

Wakati wa mbinzo kulikuwa desturi: bamama bote banangoja kwa mulango, mupaka wa mwisho afike. Hakuna kutangulia. Muti inainuliwa, tunaingia pamoja, mwenye mikono mbio na mwenye mikono pole. Basi ile mwaka, bibi yake alikuwa anangoja mama yake mwenyewe, anatoka Isangi na bateau, meli ya mto, kuja kuona nyumba ya binti yake mara ya kwanza. Na bateau inafika mangaribi ileile. Bibi akaona, nikingoja bamama, nitachelewa kupika. Akazunguka kwa kijito, akaingia mapema peke yake, akajaza kitunga. Wakati anatoka, siye bote tuko pale kwa mulango tumejipanga, vitunga vitupu kwa kichwa.

Mama moja akapiga kelele: "Aaah! Kumbe mulango iko na dirisha! Ya bibi ya sentinelle ni ruhusa, ya kwetu ni kungoja?"

Bengine bakaitikia. Papa Sentinelle akasimama. Nilimuona uso. Akamuangalia bibi yake, akatuangalia siye, na akasema neno moja:

"Mwaga."

Bibi hakubishana. Aligeuza kitunga palepale, mbele ya buti zake. Na hakuna mama alizigusa, hata ule wa kelele. Mbinzo zikaanza kutembea, kila moja njia yake, zinapanda juu ya buti zenye zinang'aa, na yeye hasongi.

Mangaribi mama wa Isangi alifika. Mezani lituma na makayabu, samaki ya chumvi. Ule mama alikula pole pole, akanawa mikono, akasema, "Mwanangu anakaa mulango ya pori, na miye ninakula samaki ya duka." Neno hiyo tu. Akarudia Isangi, na mbele ya mbinzo zingine kushuka, ugonjwa ikamubeba. Hakuja tena.

Ndiyo bibi alifunga mudomo.

Nilijaribu, siye bajirani tulijaribu. Nilimuambia yeye, "Papa, si umuombe pardon?" Akanijibu, "Nikiomba pardon, nitasema nilikosa. Na kama nilikosa, kesho mulango nitailinda namna gani?" Nikamuambia, "Basi peleka likasu nyumbani, mutafune." Akashika mufuko ya shati. "Ile ni ya kazi, Mama Mikate."

Ya kazi! Nilikasirika naye siku nzima, nikamupa mikate yenye imeungua. Nilichelewa sana kuelewa kitu moja. Nikakaa nikifikiri-fikiri, ile sheria ya likasu ilianza lini? Mbele haikuwako. Ilianza kisha ile kitunga. Alikuwa anapasua likasu kwa dunia yote, kila siku, nusu kwa huyu nusu kwa huyu, na jioni anarudia na mufuko wake kwa kuku.

Siku zikapita. Serikali ikamupumuzisha. Akabaki nyumbani, na macho yake ikaanza kuingia ukungu, kidogo kidogo, kama dirisha ya jikoni. Mutoto wa Lubunga akasema, "Papa, kuja ukae kwangu." Vizuri. Lakini bibi? Bibi akapanga vitu vyake mbali, ndani ya mufuko mwingine. Akaniambia kwa ukuta:

"Mama Mikate, miye ninarudia Isangi, kwa kaka yangu. Kule Lubunga nitaenda fanya nini? Hawana kuku."

Nilitaka kucheka, ikakataa. Nikaelewa: yeye ngambo ya kule, bibi kule Isangi, na ile kimya itabaki hivyo mupaka udongo.

Ikibaki siku moja bavuke mto, nilikuwa kwa mulango. Siku hizi ni muke ya mujukuu wangu anauza mikate, miye ninakaa tu kumuambia kama anakosea. Sentinelle wa sasa ni binti, mutoto wa juzi, muzuri, na tabia. Tunaona batu babili banatokea pale kwa kanisa ya mabati. Mbele bibi, nyuma Papa Sentinelle, na kati yao fimbo: bibi ameshika mwisho huku, yeye mwisho kule. Hivyo anamuongoza. Mukono haugusi mukono. Na buti! Maskini, buti zilikuwa zinang'aa. Hazioni, lakini alizipangusa.

Bibi akasimama mbele yangu. "Mama Mikate, ambia ule mutu tumefika."

Leo kuku ni miye.

"Papa, mumefika," nilisema.

"Ninasikia harufu ya mafuta. Zimeiva ama zimekasirika?"

"Zimeiva, Papa."

Alisema alikuja kusalimia lifaki mara ya mwisho. Binti akainua muti ya njia mbio mbio: "Papa, ingia, hapa ni kwako!" Lakini yeye hakuinua muguu.

"Hapana," alisema. "Batu babili benye habasemezani habaingii pamoja. Nani amekufundisha kazi?"

"Papa, lakini ni weye…"

"Zaidi sana."

Na peke yake haweze kuingia, haoni. Tukabaki pale siye bote, muti imeinuliwa juu, hakuna mwenye anapita. Akatia mukono kwa mufuko ya shati. Akatoa likasu, imefungwa na jani mbichi. Sijui nani alimutafutia. Akainyoosha, lakini akainyoosha pembeni, kwa sufuria yangu, juu ya kuwa hakuona bibi iko wapi.

"Niliichelewesha," alisema. "Na sasa hata meno sina."

Bibi akaangalia ile mukono. Oh, aliiangalia! Kisha akaichukua ile likasu, akaacha fimbo ikaanguka, akageuka, akaenda. Papa Sentinelle alisikia miguu yake inaenda. Uso wake ukashuka. Akaniuliza pole, "Ameenda?"

Nilifungua mudomo kujibu, na tukasikia: ko! ko! ko!

Bibi alikuwa amechuchumaa nyuma ya moto wangu, anatwanga ile likasu juu ya jiwe, na mwichi wangu ya pilipili. Hivyo ndiyo tunafanyia bazee benye meno imekwisha. Mutoto anatwangia baba, bibi anatwangia bwana yake. Alitwanga mupaka ikawa unga. Akakusanya, akagawa mara mbili. Nusu akamutilia ndani ya kiganja na akamufunga vidole. Nusu akajitia mudomoni.

Balitafuna. Likasu, na pilipili ya mwichi wangu juu! Machozi ilibashuka bote babili, na miye sitabaambia ilikuwa ya pilipili ama ya nini. Nikabapa maji, kikombe moja. Yeye akakunywa, akasema, "Tamu." Bibi akakunywa. Hakusema kitu.

Sheria inasema mutafune. Haisemi museme. Akaokota fimbo, akamupa mwisho, bakaingia.

Binti akashika mikono: "Mama Mikate, sasa bamepatana?"

"Bado," nilimuambia. "Ngoja. Huko ndani hakuna kuku."

Tukangoja. Mafuta inalia ndani ya sufuria, ndege zinapita, kanga za maji sijui. Nikajua muzuri kule ndani kunapita nini: bibi amemukalisha kwa muzizi ya lifaki, kisha ameenda kwa kijito kukata majani ya kufungia kwanga, ile mukate ya muhogo, ya safari yake ya Isangi. Mama hawezi kupita ile majani hivi hivi. Na muzee amebaki peke yake, haoni, pale goti inaanzaga kuuma.

Tukamusikia.

"Oooh-ee!"

Sauti ya mutu muzee ndani ya miti mirefu ni kitu kadogo sana. Binti akaruka kuenda. Nikamushika sketi. "Hakukuita weye!"

"Oooh-ee!"

Kimya. Nikaona semeki yangu na safu zake. Nikaona ile kitunga, zile mbinzo. Moyoni nilisema, mama, mama, itika. Hata na matusi, itika.

Mara ya tatu ikatoka imepasuka katikati.

Na kule kwa kijito sauti ikapanda, kali, ya mama mwenye anaita batoto kula, na ikamuita jina yake. Ile ya kweli, yenye hata miye nilikuwa nimeisahau. Sitaitaja hapa, iko ya bibi. Kisha:

"Eee! Niko hapa! Unalia kama mbuzi ya nani? Kaa palepale, usisonge na zile buti, ninakuja!"

Na yeye, mbali: "Ninakaa."

Muke ya mujukuu wangu aliacha mikate ikaungua yote, na sikumuambia kitu.

Kesho balivuka Lubunga, mutumbwi moja, mifuko yote mbili. Kuku baliniachia miye. Iko hapa uwanjani, inakula muchele yangu. Asubuhi inakuja kwa ukuta, inasimama, inageuza kichwa huku na kule, inangoja kutumwa. Ninaiambia, "Enda zako, mama. Kazi yako imekwisha."